UZI MAALUMU: Umekutana na koa wa bahari mwenye rangi kali ukashindwa kumtambua? Mlete hapa

MwanaMatumbawe:
Wakuu, salaam.

Nyuzi za uzamiaji zimejaa picha za wadudu wa rangi wasio na wenyewe. Mtu anatupia picha, anauliza "huyu nani?", anatokea mdau anajibu "nudibranki huyo mkuu", anapigiwa makofi, uzi unakufa. Hilo halina tofauti na kuulizwa yule ni ndege gani ukajibu "ndege". Nudibranki ni kundi zima la koa wa bahari wasio na gamba, waliokwisha kupewa majina na wanasayansi ni zaidi ya spishi 3,000, na juu ya hao wapo koa wengine wa bahari ambao si nudibranki kabisa japo wamevaa rangi kali vilevile.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusigombane baadaye: rangi inakuja mwisho. Najua inauma, maana rangi ndiyo iliyokufanya usimame. Lakini maji yanaila rangi kabla haijafika kwenye kamera, spishi moja inaweza kuwa na mavazi matatu, na spishi tatu zinaweza kuvaa vazi moja kwa sababu zote zina sumu, na samaki akionja mmoja anawaacha wote.

Anzia nyuma. Mgongoni, karibu na mkia, kuna shada la matamvua lililozunguka tundu la haja? Huyo ni dorido, na wengi wa dorido wanakula sifongo. Hakuna shada, ila mgongo umejaa vidole laini vinavyopepea? Huyo ni eolido, chakula chake ni haidroidi, anemoni na jamaa zao, wanyama wa baharini wenye seli za kuwasha. Hakuna shada wala vidole? Hapo ndipo pana kazi, tutafika.

Ukitoka nyuma nenda kichwani. Zile pembe mbili ni rinofora, ndizo pua yake, ananusa nazo chakula na wenzake. Zitazame vizuri: zina vijisahani vilivyopangana, ni laini tupu, zimeota vinundu, au ni jani lililoviringwa? Halafu kingo za vazi, yaani ile ngozi iliyofunika mgongo, halafu unyayo ukibahatika kuuona, halafu alikuwa amekaa juu ya nini. Baada ya hayo yote ndiyo tuzungumze buluu na njano.

Ukileta koa wako, taja kina, mchana au usiku, urefu kwa sentimita, na alichokuwa amekikalia. Karibuni.

KambaKichaa:
Siti ya mbele. Naweka kambi.

MtungiNusu:
Nianze mimi. Kina mita 14, mchana, kwenye ukuta wa mwamba, urefu kama sentimita 4. Buluu, mistari myeusi ya kwenda urefu, ukingo una rangi ya machungwa, pembe na shada la nyuma vyote machungwa. Kiongozi wetu alisema Chromodoris magnifica, na kweli alikuwa magnificent maana nilimaliza hewa hapohapo.

MzeeWaMwamba:
MtungiNusu, hewa kwanza, koa baadaye. Atakuwepo kesho.

Maelezo yako yanaingia kwa koa wanne au watano, wote wa jenasi hiyohiyo. Swali langu ni moja: kuza picha kwenye lile eneo la buluu. Buluu ni safi, au imenyunyiziwa vitone vidogo sana vyeusi?

MtungiNusu:
Ngoja nikuze.

Vipo! Vingi mno, nilidhani ni uchafu wa lenzi.

MzeeWaMwamba:
Basi nenda na Chromodoris annae. Vile vitone ndani ya buluu ndiyo alama yake. Angekuwa na buluu safi na mistari myeusi myembamba iliyokatikakatika, ningekwambia C. elisabethina. Magnifica huwa ana utepe mpana wa machungwa ulioachana wazi na ukingo mweupe, na katikati nyeupe na nyeusi zinapokezana, buluu yake ikiwepo imepauka. Yupo pia C. quadricolor, ila huyo ni wa Bahari ya Shamu na magharibi mwa Bahari ya Hindi, kwa hiyo mahali ulipozamia panaweza kumtoa au kumwingiza kwenye orodha kabla hujatazama mstari wowote.

Hata hivyo kwenye daftari lako andika "Chromodoris cf. annae". Hiyo "cf." maana yake linganisha na, yaani anafanana naye lakini sijala kiapo. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa vinasaba juu ya jenasi hii, ukaonyesha kuwa mavazi yao yanabadilika sana ndani ya spishi moja, na spishi tofauti zinazoishi eneo moja zinaigana. Wapo waliokuwa wamepewa jina kwa miaka kwa sababu ya mstari mmoja, kumbe ni wa ukoo mwingine.

BintiPweza:
Na mimi nina wangu. Mweusi, kajaa vinundu vya waridi iliyopauka, mgumu kwa kumtazama, anakwenda polepole sana. Nimefuata maelekezo ya MwanaMatumbawe nikatafuta shada la matamvua nyuma, sikuona. Vidole hana. Nimebaki njia panda.

MwanaMatumbawe:
Umefanya vizuri sana dada, na umempata kabisa aliyekuja kuvuruga kanuni yangu. Hao ni familia ya Phyllidiidae. Ni dorido, lakini matamvua yao hayako mgongoni, yamejificha chini, kwenye mfereji kati ya vazi na unyayo, mzunguko mzima wa mwili. Ukiona koa mgumu, mwenye vinundu, asiye na shada, wazo la kwanza liwe hilo.

Mweusi mwenye vinundu vya waridi na pembe nyeusi: Phyllidiella pustulosa, au mmoja wa jamaa wanaofanana naye, maana vinasaba vinaonyesha jina hilo limebeba spishi kadhaa. Angekuwa na matuta ya buluu-kijivu yenye vichwa vya njano na pembe za njano, tungekwenda kwenye Phyllidia. Huko ndiko unyayo unakata shauri: P. varicosa ana mstari mweusi katikati ya unyayo, P. coelestis hana.

ChanguDoa:
Sasa unyayo nitauonaje? Si unamgeuza tu na kijiti, unapiga picha, unamrudisha?

BintiPweza:
ChanguDoa hapana jamani.

ChanguDoa:
Sekunde mbili tu. Hatakufa.

MzeeWaMwamba:
Sikiliza kijana. Mwamba alioushika ndio unaomzuia asichukuliwe na mkondo. Ukimbandua akaenda na maji, anaweza kutua mahali ambapo sifongo anayoila haipo, na wengi wao hawali kitu kingine. Halafu hao Phyllidia wakisumbuliwa wanatoa kamasi yenye sumu, wakiwekwa tangi moja na samaki, samaki wanakufa.

Unyayo utauona bila kumgusa. Anapopanda ukingo wa jiwe au kuvuka kutoka tumbawe moja hadi jingine, anainua sehemu ya mbele na unyayo unaonekana wazi. Ni suala la kusubiri. Usipouona, andika Phyllidia sp., yaani jenasi unaijua ila spishi huijui, ukalale. Hakuna mahakama itakayokuita.

TochiYaUsiku:
Niongezee kwa ChanguDoa: eolido usiwaguse kwa sababu ya ngozi yako mwenyewe. Wanakula haidroidi na anemoni, wanazimeza zile seli za kuwasha bila kuzilipua, kisha wanazihifadhi nchani mwa vidole vyao kama silaha. Wengi hawana nguvu ya kukuumiza, ila yule Glaucus atlanticus wa buluu na fedha anayeelea juu ya maji chali ni habari nyingine. Anakula Physalia, wale jamaa wa yavuyavu wenye puto na nyuzi ndefu za kuunguza, na ukimkuta amesukumwa ufukweni ana moto uleule. Huyo watu wanamwokota kwa sababu ni mzuri.

ChanguDoa:
Haya nimeelewa, kijiti nimekitupa.

Ila nina swali la kweli. Nilikutana na mmoja kama wa BintiPweza kabisa, mweusi na vinundu, lakini alikuwa anakwenda kasi, na kingo zake zinakunjamana na kufunguka. Mwembamba sana, kama angeweza kupita chini ya mlango.

MwanaMatumbawe:
Hahaha, huyo si koa. Ni mnyoo bapa. Kuna mmoja anaitwa Pseudoceros imitatus, amejitengenezea vazi la Phyllidiella pustulosa hadi vinundu. Samaki akijua yule koa ni sumu, mnyoo naye anapita salama.

Njia ya kuwatenganisha haina mjadala. Mnyoo bapa hana matamvua popote, hana rinofora za kweli (zile unazoona mbele ni ukingo tu uliokunjwa juu), unene wake ni wa karatasi, na anateleza haraka. Koa ana mwili, ukimtazama ubavuni unaona tabaka mbili: vazi juu, unyayo chini. Ndiyo maana nasema picha ya kutoka juu peke yake ni umaskini.

Na kama hiyo haitoshi, jongoo bahari mmoja, Pearsonothuria graeffei, akiwa mtoto anafanana na Phyllidia kabisa: mweupe-buluu, mistari myeusi, vinundu vya njano. Akikua anabadilika kabisa na kuwa jongoo wa kawaida wa madoadoa. Ukiona "Phyllidia" ambaye hana rinofora na vinundu vyake vimechongoka kupita kiasi, mtazame mdomoni. Jongoo ana minyiri ya kulia iliyotanuka, yenye nyeusi na nyeupe.

KambaKichaa:
Kwa hiyo koa anaigwa na koa mwenzake, mnyoo, na jongoo. Huyu jamaa anadai mirabaha.

TochiYaUsiku:
Wakuu nimeona picha zinazoletwa, naomba niseme kuhusu mwanga kabla hatujaendelea, maana nusu ya ubishi utaishia hapo.

Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa na maji. Mita tano tu imeshapungua sana, ukifika kumi na tano koa mwekundu anaonekana kahawia au karibu nyeusi. Machungwa inafuata, halafu njano. Kwa hiyo ukimpiga koa kwa mwanga wa asili kwenye kina hicho, ukaja hapa kuuliza "huyu wa kijivu na kijani ni nani", hatuwezi kukusaidia kwa sababu huyo koa hayupo duniani. Mmulike. Hata tochi ya kawaida ukiishikilia kwa pembeni, karibu, inarudisha rangi yote. Usimulike kutoka mbele moja kwa moja, chembechembe za majini zitang'aa na picha itaonekana ina theluji.

Lenga rinofora. Zikiwa kali kwenye picha, mengine yatasameheka. Kisha ubavu, kisha shada la nyuma, na picha moja ya mbali inayoonyesha anakaa juu ya nini. Hiyo ya mwisho watu hawaipigi kwa sababu haivutii, na ndiyo mimi huwa naiomba kwanza. Koa anakaa kwenye chakula chake, na chakula kinakupa familia.

Na tafadhali, mapezi yako yako wapi wakati unapiga? Nimeona mtu amelenga koa wa sentimita mbili huku mguu wake unavunja tumbawe la miaka mingi nyuma yake. Kama huwezi kuelea ukatulia, picha iache.

MtungiNusu:
TochiYaUsiku amekuja na fimbo.

BahariTulivu:
Wadau, mimi ni mgeni wa mambo haya. Nina picha mbili tu.

Ya kwanza: mrefu kama sentimita 8, mwembamba, zambarau na buluu, mgongo mzima una vidole vimepangwa kwa mafungumafungu hadi mkiani. Nilimkuta mchana kweupe, juani, kina kidogo.

Ya pili: mweusi, mistari ya buluu inayowaka, nyuma ana mikia miwili na mmoja mrefu kuliko mwenzake. Huyu alikuwa mchangani anakimbia. Pembe sikuziona hata kidogo.

MwanaMatumbawe:
Karibu sana. Umeleta wawili wazuri.

Wa kwanza ni Pteraeolidia. Zamani wote waliitwa P. ianthina popote walipoonekana, hadi mwaka 2015 watafiti walipowatenganisha: ianthina akabaki kuwa wa pwani ya kusini-mashariki mwa Australia, na yule aliyesambaa kote Bahari ya Hindi na Pasifiki akarudishiwa jina la P. semperi. Kwa hiyo kama hukuzamia Australia ya kusini-mashariki, andika semperi. Kukaa kwake juani kuna sababu. Anafuga mwani wa chembe moja ndani ya mwili wake, mwani unatengeneza chakula kwa mwanga, naye anapata mgao. Rangi ya kahawia inayojitokeza kwenye vidole ni ya huo mwani, ndiyo maana wachanga wanakuwa weupe na wakubwa wanakolea.

Wa pili si nudibranki. Ni koa mwenye ngao ya kichwa, Chelidonura varians. Hao hawana rinofora, wana kichwa bapa kama sepetu cha kusukumia mchanga, na anayekimbia hivyo yuko mawindoni, anatafuta minyoo bapa wadogo.

BahariTulivu:
Yaani minyoo inamuiga koa, koa mwingine anakula minyoo.

KambaKichaa:
Ndoa ya mitaani hiyo.

PopoWaBahari:
Mimi namtaka yule kondoo. Yule wa kijani mwenye sura ya katuni, ana macho mawili madogo na majani mgongoni. Kila mtu mtandaoni ana picha yake, mimi nimetafuta kwenye matumbawe hadi nimechoka.

MzeeWaMwamba:
Umetafuta pasipo pake. Costasiella kuroshimae hali matumbawe, anakula mwani, na anakaa juu ya mwani uleule anaoula, Avrainvillea, ule wenye jani nene la kijani iliyofifia linaloota mchangani. Achana na mwamba. Shuka kwenye mchanga wenye mwani, chagua jani moja, tazama juu ya jani hilo sentimita kwa sentimita ukiwa na kioo cha kukuzia. Ana chini ya sentimita moja, wengi ni nusu ya hapo. Ukiona kwenye jani kuna mabaka yaliyonyonywa au vitepe vidogo vya mayai vilivyoviringwa, uko karibu.

Naye si nudibranki, ni wa kundi la koa wanaofyonza mwani. Wanatoboa seli, wanafyonza, na wengine wao wanabaki na zile kloroplasti za mwani, vile vijisehemu vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, zikiwa bado zinafanya kazi ndani ya miili yao. Ule ukijani wa kwenye majani yake ya mgongoni ni mwani ulioliwa. Wa kundi hilihili, Elysia marginata, mwaka 2021 aliripotiwa kuwa anaweza kukata kichwa chake mwenyewe, kichwa kikaendelea kutembea na kula, kisha kikaota mwili mpya mzima pamoja na moyo.

MtungiNusu:
Kichwa kinaota mwili?

MzeeWaMwamba:
Ndiyo. Mwili uliobaki hauoti kichwa, unaishi kwa muda kisha unakufa.

ChanguDoa:
Wa kwangu: mweusi ana madoa ya kijani inayong'aa, shada la nyuma kubwa, amekaa juu ya vifuko vya buluu vilivyobandikwa mwambani. Sijamgusa, mashahidi wapo.

TochiYaUsiku:
Nembrotha. Vile vifuko ni tunikati, wanyama wanaochuja maji, na ndicho chakula chake, kwa hiyo picha yako ya mbali imefanya kazi. Tazama ukingo wa unyayo: ukiwa na machungwa au nyekundu, N. kubaryana. Ukiwa kijani bila machungwa popote, N. cristata. Jambo jingine la kumjua: hana mfuko wa kuingizia matamvua. Chromodoris akishtuka shada lote linazama ndani na kufunika, Nembrotha analikunja tu, linabaki nje.

ChanguDoa:
Machungwa ipo. Kubaryana basi.

BintiPweza:
Swali kwa wakongwe. Kitabu changu kinasema Chromodoris annulata, yule mweupe mwenye madoa ya njano na pete za zambarau kuzunguka pembe na shada. Mtandaoni wanasema Goniobranchus annulatus. Ni wawili?

MwanaMatumbawe:
Ni mmoja dada. Mwaka 2012 familia ya Chromodorididae ilipangwa upya kwa vinasaba, na jenasi ya Chromodoris ya zamani ikavunjwa. Wengi wenye madoadoa wakaenda Goniobranchus, wale wa mistari wakabaki. Mwisho wa jina ukabadilika ili ukubaliane na jenasi mpya, annulata akawa annulatus. Baadhi ya Glossodoris nao wakawa Doriprismatica, mfano yule mwenye ukingo mweusi, atromarginata. Mwaka 2017 ikaja zamu ya Flabellina kugawanywa.

Kwa hiyo ukisoma maandishi ya kabla ya hapo, mnyama ni yuleyule, ila jina lililopitwa. Hata hazina kubwa ya Bill Rudman wa Makumbusho ya Australia, iliyojibu maswali ya wazamiaji tangu 1998 hadi 2010, ina majina ya zamani, lakini uchunguzi uliomo haujazeeka hata kidogo. Tafuta jina la pili, lile la spishi, kisha angalia kwenye WoRMS, ile orodha ya mtandaoni ya majina ya viumbe wa baharini, limehamia wapi.

PopoWaBahari:
Mnahangaika bure. Mimi nina programu kwenye simu, naipa picha, inanipa jina. Sekunde tatu.

TochiYaUsiku:
Na inakupa jina lipi ukiipa yule mnyoo bapa wa ChanguDoa?

PopoWaBahari:
Ngoja nijaribu na picha ya mtandaoni.

Phyllidiella pustulosa.

TochiYaUsiku:
Sina la ziada.

MwanaMatumbawe:
Tusiitukane sana programu. Kwa kukupeleka kwenye familia inasaidia, na kama unatumia iNaturalist kuna watu nyuma yake wanaopitia na kusahihisha, wakiwemo wataalamu wa koa hasa. Tatizo ni pale mtu anapolichukua jina la kwanza lililojitokeza na kulipachika kama cheti. Weka picha zote tatu nne, siyo ile nzuri tu, na uweke mahali na tarehe sahihi.

KambaKichaa:
Nina wawili wanaofuatana. Wakubwa, krimu na madoa ya zambarau iliyokoza, mmoja kaweka kichwa juu ya mkia wa mwenzake na wanatembea hivyohivyo kama treni. Ni mapenzi?

MzeeWaMwamba:
Hypselodoris tryoni, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Risbecia. Tabia hiyo ya kufuatana ni yake mno, wa nyuma anafuata ute wa wa mbele. Mara nyingi mwisho wake ni kujamiiana, lakini si kila treni inafika kituoni.

Wakijamiiana utawaona ubavu wa kulia kwa ubavu wa kulia, kichwa cha huyu kwa mkia wa yule. Kila mmoja ni dume na jike kwa wakati mmoja, viungo vya uzazi viko kulia karibu na kichwa. Wote wanaondoka na mbegu, wote wanataga.

KambaKichaa:
Hakuna wa kulipa mahari basi.

MzeeWaMwamba:
Subiri usikie la Goniobranchus reticulatus. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walichapisha kuwa akimaliza shughuli anaukata uume wake na kuuacha, na baada ya saa 24 hivi anakuwa na mwingine tayari.

KambaKichaa:
Naomba uzi ufungwe.

BahariTulivu:
Nisaidieni na hili la usiku. Mkubwa mno, karibu urefu wa mkono kuanzia kiwiko, mwekundu, ameachia mwamba anaogelea kwa kupindisha mwili wote. Na siku ileile kwenye mwamba nikaona utepe mwekundu mpana uliokunjamana kwa duara. Vinahusiana?

TochiYaUsiku:
Vinahusiana. Ni Hexabranchus, anayepita sentimita 40, na ule utepe ni mayai yake. Anapotulia kingo za vazi zimeviringwa juu, akisumbuliwa anazikunjua na wekundu wote unatoka, ndipo anaogelea. Ukimpata ametulia tazama matamvua: kila moja limejishikiza peke yake kwenye mwili, hayana mfuko mmoja wa pamoja. Halafu chungulia katikati ya hayo matamvua, mara nyingi kuna kamba mdogo anaishi humo, Zenopontonia rex, amevaa nyekundu na nyeupe kama mwenyeji wake.

Jina la spishi usilikimbilie. Kwa miaka mingi kila mkubwa mwekundu aliitwa H. sanguineus, vinasaba vikaonyesha ni zaidi ya spishi moja. Hexabranchus sp. inakutosha.

MtungiNusu:
Nimerudi, hewa imebaki safari hii. Mwili wote zambarau-waridi, ukingo mwembamba mweupe, pembe na shada machungwa. Mwili wake umenyanyuka, mkia umechomoza nyuma ya vazi. Sentimita 3, juu ya sifongo. Picha za juu, ubavu, rinofora na ya mbali zote ninazo. Mwenzangu anaapa ni Hypselodoris bullockii.

MwanaMatumbawe:
Mkuu umeleta kila kitu, asante. Mwili ulionyanyuka, vazi jembamba, mkia nje: jenasi ni Hypselodoris, hapo nakubali bila cf. wala nini. Bullockii ni dau zuri. Shida ni kwamba mwaka 2018 jenasi hii ilipopitiwa upya waliongezwa spishi mpya 17, na mmoja wao, H. iba, ana mavazi mawili. Vazi moja ni la zambarau linalofanana na bullockii, jingine ni krimu lenye alama nyeusi, na wamekutwa wakijamiiana wao kwa wao, zambarau na krimu. Kama eneo lako H. iba yupo, picha ya wa zambarau peke yake hainipi ujasiri wa kula kiapo.

Kulikuwa na mwingine karibu? Wa krimu?

MtungiNusu:
Ubavuni mwa sifongo ileile kwenye picha ya mbali kuna kitu cheupe-cheupe nilichodhani ni jani. Kimekatwa nusu na fremu.

TochiYaUsiku:
Angalia, picha ya mbali hiyo.

MtungiNusu:
Kina pembe.

MwanaMatumbawe:
Andika Hypselodoris sp., weka picha zote iNaturalist pamoja na hiyo iliyokatwa, halafu leta kiungo hapa. Na ukirudi kwenye hiyo sifongo, mpige wa krimu kwanza.

MtungiNusu:
Sawa. Mwenzangu bado anasema bullockii.